Mwanamke Anayepiga Pasi

Jumamosi, 7 Juni

Mfafanuzi wetu amehama! Amekwenda kukaa kwa binti yake. Amebeba fimbo, miwani na maoni yake yote. Kiti chake kiko wazi. Nakitaka.

Kwa faida ya atakayesoma shajara hii nikiwa sipo, acha nieleze. Sisi ni klabu ndogo ya wapenzi wa sinema ya kisanii, hasa ile ya Ulaya. Tunakutana kila Jumamosi alasiri katika chumba kilicho juu ya duka la rangi. Harufu hupanda kupitia mbao za sakafu, na mara nyingine sijui kilichonitoa machozi ni sanaa au ni vanishi. Skrini yetu ni shuka jeupe la kitanda, letu, la nyumbani kwangu. Mke wangu hulipiga pasi kila Ijumaa, maana mkunjo mmoja ukipita usoni pa mwigizaji, huzuni yote inageuka kichekesho. Pazia jeusi la dirishani pia alilishona yeye. Ni fundi cherehani.

Sinema ya kisanii ni nini? Jambo rahisi. Mtu akikaa mahali akangoja, na asije mtu, hiyo ni sanaa. Akija mtu, ni biashara.

Filamu ikiisha, ni marufuku kusema. Tunakaa gizani, kimya, mpaka Mfafanuzi akohoe. Ndipo anasimama mbele ya shuka na kutueleza tulichokiona. Heshima iliyoje! Nimefundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi, na sikuwahi kupewa kimya cha namna ile.

Uchaguzi ni tarehe 21. Wagombea ni wawili. Mimi, na Bwana Theluji. Huyu ni mfamasia mstaafu aliyesomea Ulaya, na kila hadithi yake huanzia kwenye theluji. Leo ilimfika kiunoni. Mwezi uliopita ilikuwa magotini. Inazidi kupanda, labda siku ikimfika puani tutapumzika.

Wanaobaki ni Mkutubi, mama mstaafu anayetunza funguo na projekta, na Mama Meno, daktari wa meno, ambaye hulala filamu inapoanza na kuamka na maoni makali.

Mke wangu alisema jambo kuhusu dada yake nilipokuwa navua viatu. Sikushika vizuri. Nilikuwa nawaza.

Jumapili, 8 Juni

Nimepata! Nimepata!

Klabu yetu ina udhaifu mmoja. Hakuna mtu, tangu ianzishwe, aliyewahi kukiri kwamba hajaiona filamu fulani. Ukitaja filamu yoyote, mwenzako atafumba macho kidogo na kusema ameiona, ila ameisahau kidogo. Hata mimi husema hivyo. Ni adabu zetu.

Basi nitataja filamu isiyokuwepo! Nitaitunga mwenyewe. Bwana Theluji atasema ameisahau kidogo. Mimi nitakuwa ndiye pekee ninayeikumbuka yote. Nani basi atafaa kuwa Mfafanuzi?

Nilikuwa mezani, nimeuma kalamu, natafuta kisa. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi. Mke wangu alikuwa anapiga pasi, amenipa mgongo. Mkono unakwenda, unarudi. Mvuke unapanda. Hakugeuka.

Nikaandika: mwanamke anapiga pasi shuka. Hatuuoni uso wake. Basi. Filamu nzima.

Ni kazi kubwa, hata kama naisifu mwenyewe.

Jumanne, 10 Juni

Nimeanza. Mambo yamekwenda vizuri kuliko nilivyoomba.

Tulikutana barazani kwa Mkutubi, kwa chai. Nikapitisha neno kwa upole, kama mtu anayeokota uzi kwenye nguo ya mwenzake. Nikasema kwamba tangu asubuhi ile filamu ya *Mwanamke Anayepiga Pasi* imenikaa moyoni. Mkutubi akauliza ni ya nani. Hapo sikuwa nimejiandaa! Nikasema ni ya yule mwongozaji wa kaskazini kabisa, halafu nikakohoa. Kikohozi kirefu, chenye herufi nyingi.

Bwana Theluji akapiga goti lake. Akasema, kumbe hata mimi namjua! Akakohoa vilevile. Nusura nimwage chai.

Akadai aliiona filamu hiyo ujanani, katika ukumbi usio na joto, theluji ikiwa imefunika madirisha. Mama Meno akasema yeye pia, ila ameisahau kidogo. Mkutubi akaguna guno la mtu anayeheshimu kumbukumbu yake mwenyewe.

Nikarudi nyumbani nikitembea kama bwana harusi.

Jambo moja dogo. Wakati naaga, Mama Meno alisema kilichomuumiza zaidi ni sauti ya pasi, jinsi inavyoendelea hata yule mama anapokuwa ametoka chumbani. Sikuwa nimesema kitu kama hicho. Mwongo mkubwa! Lakini ana kipaji.

Jumamosi, 14 Juni

Wananiibia filamu yangu!

Leo tulitazama kitu kuhusu daraja. Hakuna aliyevuka. Nzuri. Kwa kuwa Mfafanuzi hatuna, tulikaa gizani hadi mtu wa duka la rangi akaja kugonga, akidhani tumezimia kwa harufu.

Mazungumzo yakarudi kwenye *Mwanamke*. Mama Meno akasema yule mzee alimchosha roho. Nikauliza, mzee gani? Akanitazama kwa huruma, kama mgonjwa aliyeuliza kama itauma. Akasema, yule anayekaa mezani kwenye kona, anaandika, anaandika, hanyanyui kichwa. Mwalimu, umemsahau vipi na yumo mwanzo hadi mwisho?

Sikumweka mzee yeyote! Katika filamu yangu yupo mwanamke, pasi na shuka. Nikajikausha. Nikasema namkumbuka, bila shaka.

Wakati huo Mkutubi alikuwa amekwenda chini kulipoza lile jibaba la dukani. Hakusikia neno. Akapanda ngazi, akaketi, akasema bila kuulizwa kwamba kitu ambacho hajakisahau katika filamu ile ni sweta ya mzee. Ya kahawia. Kiwiko cha kushoto kimeungua.

Mimi ninayo sweta hiyo. Naivaa nyumbani tu, ninapoandika. Iliungua kwa pasi, mke wangu alipokuwa akinisemesha nami nikaegemea bila kutazama. Sijawahi kutoka nayo mlangoni.

Kuna ubaridi ulinipitia shingoni. Nadhani ni dirisha.

Kilichonikera hasa ni kunyang'anywa filamu. Nikaona niikomboe. Nikasimama, nikawaeleza mwisho wake, ambao niliutunga palepale nikiwa wima. Nikasema: mwanamke anamaliza. Anakunja shuka vizuri, pembe kwa pembe. Anatoka kwa mlango wa jikoni. Mzee hajui. Anaita chai.

Kimya kikubwa. Kimya cha Mfafanuzi kabisa! Nilikionja kama asali.

Halafu Bwana Theluji akaharibu. Akasema filamu kama hii haifai kusimuliwa, inafaa kutazamwa. Yeye ana rafiki huko Ulaya anayekusanya filamu zilizosahauliwa. Atamwandikia. Tutaionyesha siku ya uchaguzi.

Nilicheka kwa sauti. Alidhani nimefurahi. Nilikuwa nacheka kwa sababu atakosa, aaibike. Halafu njiani nikaacha kucheka. Akikosa, atauliza niliiona wapi.

Nyumbani mke wangu alianza tena habari za dada yake. Kwamba ana nyumba kubwa, na yuko peke yake, na bustani. Nikamwambia tutaongea. Nina jambo zito kichwani.

Jumatatu, 16 Juni

Imefika.

Imefikaje? Barua ya kutoka mtaa wa pili huchukua juma zima. Bwana Theluji amepita hapa mwenyewe, amebeba bahasha ya kahawia, uso umemkunjuka kama mtoto. Akasema hata hajamwandikia rafiki yake. Ameikuta mlangoni. Ndani mna diski isiyo na maandishi.

Nikamwambia inaweza kuwa filamu yoyote. Akasema anajua ndiyo yenyewe. Nikaomba aniachie niihakiki, kama mtaalamu. Akakataa. Akasema, Mwalimu, tungoje sote. Sauti yake ilikuwa ya chini. Hakutaja theluji hata mara moja. Nikaona huyu anapanga kitu.

Nimekaa kuandika haya. Nasikia pasi chumba cha pili, inapumua mvuke, pfff, inakwenda, inarudi. Nimemwita mke wangu apunguze, nashindwa kufikiri. Ameitika kutoka uani, yuko anaanika nguo.

Sauti imeendelea.

Nimeinuka nikafunga mlango. Sasa naweza kufikiri.

Ijumaa, 20 Juni

Mpango wa mwisho, na ni mzuri kuliko yote. Projekta haiwezi kuwaka bila umeme. Umeme haufiki bila waya. Nimeuchukua waya.

Acha nieleze, maana ilihitaji akili. Nilimwomba Mkutubi funguo, nikidai nataka kupima kama shuka letu bado linatosha ukutani. Nikapanda. Chumba kilikuwa kitupu, pazia limefungwa, viti vimepangwa. Ajabu, viti vyote vilielekea skrini isipokuwa kimoja, kile cha kona, kilichoelekezwa ukutani, na mbele yake meza ndogo. Sikumbuki kama tuna meza. Nikachomoa waya, nikauviringisha, nikautia mkobani. Wakati nashuka nilihisi chumba kimebaki na mtu. Nikashuka upesi kidogo. Mwenye duka akaniuliza kama nimeona mzimu. Nikamjibu kwamba wazee nao wana haraka zao.

Kesho: projekta haitawaka. Hakuna filamu. Nitasimama niiseme yote kwa mdomo. Nitashinda.

Jioni mke wangu alinipa shuka. Limenyooka kama karatasi. Hakuliachia. Tukawa tumelishika wote wawili, yeye huku, mimi huku.

Akasema, "Mwalimu, unanisikia lakini?"

Nikasema nakusikia, mke wangu.

"Nimesema nini?"

Nikajibu kwamba amesema kuhusu shuka.

Nadhani alinitazama sana. Siwezi kusema kwa hakika, macho yangu yalikuwa kwenye mkoba, naogopa ataona waya. Kisha akaachia.

Jumamosi, 21 Juni

Nimechaguliwa! Mimi ndiye Mfafanuzi! Lakini niandike kwa mpango, maana siku yenyewe haikuwa na mpango.

Tulikaa. Tukafunga pazia. Shuka likatundikwa, jeupe, bila mkunjo hata mmoja. Mkutubi akaitia diski. Mimi nilikuwa nimepakata mkoba, na ndani ya mkoba, chini ya kidole changu, waya. Nikakaza uso wa masikitiko, tayari kushangaa na wenzangu projekta ikikataa.

Ikawaka.

Niligusa mkoba. Waya umo. Nikatia mkono wote ndani, nikaushika. Umo! Mwanga ukapita juu ya kichwa changu, ukatua kwenye shuka. Ningesema nini? Kwamba haiwezekani, kwa sababu waya ninao mimi? Lazima Bwana Theluji alileta wa kwake. Mtu wa fitina yule.

Filamu yenyewe. Chumba. Mwanamke amesimama, ametupa mgongo, anapiga pasi shuka. Kwenye kona, meza, na mzee. Nitakuwa mkweli: mwigizaji wa mzee alichaguliwa vibaya. Kitambi kimezidi. Mabega yamelegea. Kuandika kwake ni kwa kujionyesha, ulimi nje kama mtoto wa shule. Sweta ndiyo hiyo waliyoisema. Kila mara yule mama anasema kitu kwa lugha ya huko, na mzee anainua mkono bila kugeuka, kama anafukuza nzi. Jambo lenyewe linarudiwa mno. Tulishaelewa.

Pazia la dirisha lao lilikuwa na maua mekundu kama letu la sebuleni. Viwandani hutengenezwa mengi ya namna hiyo.

Ilipokaribia mwisho nilianza kupanga hotuba yangu kichwani, huku nikijaribu kuusukuma waya chini zaidi ndani ya mkoba. Kwa hiyo sikuona yule mama alipogeuka. Nilisikia tu. Mama Meno, ambaye hajawahi kukesha filamu nzima, alisema "Yesu na Maria!" akafunika mdomo. Mkutubi akashika mkono wangu. Nilipoinua macho, mwanamke alikuwa amekwisha geuka tena na kutupa mgongo. Alisema neno moja la mwisho, na maandishi ya chini yakatafsiri: *Dada ananisubiri.*

Dada gani? Hatukumwona dada mahali popote. Mtunzi mzuri hamleti mtu dakika ya mwisho.

Kisha akakunja shuka, pembe kwa pembe. Na alivyokuwa akikunja, mikunjo ikatokea kwenye skrini yetu. Mmoja katikati, wima. Mwingine ukapita mlalo. Picha ikakatikakatika. Akatoka kwa mlango wa jikoni. Mzee akaendelea kuandika. Akaita kitu, bila shaka chai. Akangoja kidogo. Akaendelea kuandika.

Giza. Kimya. Hakuna aliyekohoa.

Basi nikakohoa mimi! Nikasimama mbele ya shuka. Nikawaeleza. Nikasema ni kazi nzuri ya wastani, yenye kosa moja kubwa: haiaminiki. Ni mume gani duniani, mwenye akili timamu, ambaye mke wake anaondoka mbele ya macho yake asijue? Nikasema watu wa Ulaya wana matatizo yao, lakini huko ni kutia chumvi.

Hawakupinga. Hata Bwana Theluji! Walikuwa wakinitazama wote watatu kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa. Nikaona hii ndiyo nguvu ya ufafanuzi.

Mkutubi akauliza kama mke wangu yu mzima. Nikasema mzima kabisa, jana kanipigia pasi shuka. Akafunga macho.

Bwana Theluji akasimama. Akasema anajitoa, kiti ni changu. Alikuwa analia, mzee mzima! Akanishika bega. Akasema, "Ndugu yangu, nenda nyumbani. Nenda sasa hivi. Mimi wa kwangu niligeuka nikiwa nimechelewa." Mke wake alifariki zamani, sote tunajua, sikuona kwa nini alete habari za msiba kwenye uchaguzi. Wivu una njia nyingi.

Nikabaki. Nilitaka kukalia kiti kidogo. Wenzangu wakaondoka upesi upesi, wala hawakunipongeza. Nikakaa peke yangu, pazia limefungwa. Projekta ilikuwa imezimika, lakini ilikuwa ya moto. Nikairudishia waya wake. Tundu lilikuwa na vumbi, hakuna waya mwingine.

Nikashusha shuka. Ile mikunjo imo kweli! Wima na mlalo, mikali kama ya kisu. Mke wangu juma hili amefanya kazi ovyo. Nitamwambia.

Jumapili, 22 Juni

Asubuhi njema, tulivu. Niliamka Mfafanuzi.

Jana nilirudi nikiwa nimechoka kwa ushindi, nikalala kwenye kiti. Leo nimeamka na shuka bado liko magotini pangu. Nimemwita mke wangu nimwonyeshe ile mikunjo. Atakuwa uani.

Nimekaa mezani. Nimevaa sweta, kuna kibaridi: mlango wa jikoni uko wazi, unapigapiga. Kwenye meza ya pasi hakuna kitu, waya wa pasi umeviringishwa vizuri. Cherehani imefunikwa. Nyumba imefagiliwa mpaka kwenye kona ambazo huwa hafagii. Amejitahidi, nitamsifu akirudi.

Saa imepita ya kunywa chai. Nimeita chai.

Nilijaribu, kwa ajili ya kazi yangu mpya tu, kuukumbuka uso wake ulivyo, kwa kuwa filamu haikunionyesha wa yule mama. Ajabu. Nimeukumbuka mgongo. Mkono unaokwenda na kurudi. Nimekaza akili. Mgongo. Nitamwangalia vizuri akija, ni jambo la mara moja.

Sasa kazi. Mfafanuzi anatakiwa afungue muhula kwa filamu isiyojulikana, na kwa kuwa mpango wangu wa kwanza ulifaulu kwa asilimia mia, nitatunga nyingine. Nimekwisha pata wazo, limekuja lenyewe. Hakuna mwanamke, hakuna pasi, hakuna dada. Kuna mzee mezani, peke yake. Anaandika. Nyumba kimya, mlango unapigapiga. Ameita chai, anangoja.

Nimeita tena.

Haji mtu. Nzuri sana! Hiyo ndiyo sanaa.